SOMO LA HISTORIA: SIKU YA MWAKA NA WATU WALIOHESABU SIKU

Fungueni madaftari, na kila mmoja awe na kalamu, maana leo tutafanya na hesabu kidogo.

Nilipokuwa mwanafunzi, niliwahi kuambiwa ya kwamba wazee wetu wa pwani hawakuwa na kalenda mpaka wageni walipowaletea. Nikaliandika neno hilo, nikaliamini kwa miaka mingi. Leo nataka kulifuta mbele yenu.

Siku moja ya mwezi wa Julai nilipanda gari mjini Unguja, nikaenda Makunduchi, kusini ya kisiwa, mwendo wa zaidi ya kilomita 60. Gari lilijaa watu na vikapu. Waliokwenda kufanya kazi mjini walikuwa wakirudi kwao, kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Mwaka Kogwa. “Kogwa,” kwa lafudhi ya Makunduchi, ni kuoga: watu huoga baharini ili kuuacha mwaka wa zamani na kuuanza mpya. Majina mengine ya siku hiyo ni Siku ya Mwaka na Nairuzi.

Nilikuta uwanja umejaa. Wanaume wa pande mbili za mji, wa kaskazini na wa kusini, walikuwa wakipigana kwa mashina ya migomba. Msidhani ni ugomvi. Mwenye kinyongo na mwenzake hukimaliza pale, na vita vikisha, watu hupatana. Kisha kilijengwa kibanda cha makuti, mzee akaingia ndani, kikatiwa moto. Mzee akatoka mbio, salama. Husemwa ya kwamba mwaka huo moto hautamdhuru mtu nyumbani mwake. Wanawake, nao wamevaa kanga zao nzuri, walizunguka wakiimba. Baada ya hapo ni kula na kutembeleana. Na mgeni siku hiyo hapiti nyumba bila kukaribishwa chakula. Hata mimi nisiyejulikana nilikula nyumba tatu.

Sasa tujiulize: sikukuu hii imetoka wapi?

Neno Nairuzi limetokana na neno la Kiajemi, Nowruz, maana yake “siku mpya”. Watu wa Makunduchi husimulia ya kwamba baadhi ya wazee wao walitoka Shirazi, katika nchi ya Uajemi, ambayo leo yaitwa Iran. Wataalamu wa historia hawakubaliani ni watu wangapi waliokuja kweli. Lakini hapana shaka kwamba pwani yetu na Ghuba ya Uajemi zilijuana zamani sana. Kizimkazi, jirani na Makunduchi, upo msikiti wa mawe wenye maandishi ya mwaka 1107.

Watu hao walikujaje? Kwa pepo. Kuanzia mwezi wa Desemba mpaka Machi huvuma kaskazi, na majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalishuka nayo yakileta tende, nguo na mazulia. Kuanzia Aprili kusi hushika, nayo majahazi yakarudi na boriti za mikoko, pembe za ndovu, na katika karne ya 19 karafuu pia. Kusi linapokuwa kali sana, Juni na Julai, bahari ya Arabuni haifai kwa chombo cha tanga. Nahodha aliyekosea hesabu ya siku aliweza kupoteza chombo na watu wake, au kungoja miezi mingi bandarini.

Basi nahodha alihitaji kalenda. Je, kalenda ya Kiislamu haikumtosha? Haikumtosha kwa kazi hiyo. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355. Ndiyo maana kila mwaka Idi hutangulia kwa siku 11 hivi: yaweza kuangukia masika, na miaka michache baadaye ikaangukia kiangazi. Pepo na mvua hufuata jua. Kwa hiyo watu wa pwani walishika hesabu mbili pamoja: ya mwezi kwa ibada, na ya jua kwa shamba na bahari.

Hesabu ya jua ilianza siku ya Nairuzi. Siku kumi huitwa mwongo. Andikeni: miongo 36 mara siku 10 ni siku 360. Ongezeni siku 5 za mwisho. Jumla ni siku 365. Nahodha alijua ni mwongo gani wa kusafiri, na mkulima alijua ni mwongo gani wa kufyeka na ni upi wa kupanda. Hakuna aliyehitaji karatasi.

Hata hivyo hesabu hii ina upungufu mmoja. Jua hutimiza mwaka wake kwa siku 365 na karibu saa sita. Saa sita kwa miaka minne ni saa 24, yaani siku nzima. Kalenda ya ukutani huongeza siku hiyo katika Februari. Hesabu ya pwani haikuiongeza. Kwa hiyo kila miaka minne Nairuzi hutangulia kwa siku moja. Kwa miaka 40 ni siku 10. Kwa miaka 400 ni karibu siku 100. Leo yaangukia Julai. Basi kama hesabu haikukatika, miaka 400 iliyopita ilikuwa mwezi wa Oktoba. Huko Uajemi wataalamu wa nyota, mmoja wao Omar Khayyam, waliitengeneza hesabu mwaka 1079, na Nowruz yao hukaa karibu na tarehe 21 Machi. Pwani haikufuata matengenezo hayo. Hiyo ndiyo sababu sikukuu mbili zenye jina moja zimeachana miezi mingi.

Jioni ile nilimkuta mzee mmoja amekaa barazani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

Nikamwuliza, “Mwakani mtaijuaje siku hii?”

Akanyosha vidole. “Twahesabu. Kumi, kumi nyingine, mpaka miongo iishe. Kisha siku tano.”

“Na vijana wanajua kuhesabu hivyo?”

Akacheka kidogo. “Vijana hungoja itangazwe redioni.”

Wasikilizaji, neno hilo lilinichoma, maana mimi ndiye mtu wa redio. Ngoma, moto na migomba havitapotea upesi, kwa sababu vinapendeza macho. Kitakachopotea ni hesabu, nayo ndiyo iliyokuwa moyo wa sikukuu. Mzee yule hakujifunza kusoma, lakini alichukua kichwani kalenda ya mwaka mzima. Ninyi sasa mnajua kusoma na kuandika. Mkimwendea mzee wa namna hiyo na daftari, yeye ana maarifa na ninyi mna kalamu. Msichelewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mkulima na nahodha hawakuweza kutumia mwaka wa mwezi peke yake?

2. Mtu amezaliwa leo. Atakapotimiza miaka 60, Nairuzi itakuwa imetangulia kwa siku ngapi?

3. Kwenu, wazee walijuaje wakati wa kupanda? Mwulizeni mmoja wao, kisha andikeni majibu yake kwa mistari kumi.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.