Saa kumi alfajiri, mashine inakurudishia kazi

Wiki jana seva moja ninayoitunza ilikufa. Programu ndogo niliyoiandika mwenyewe miaka mitatu iliyopita ndiyo hurejesha data, na safari hii ikagoma. Nikabaki naitazama skrini. Amri za kurejesha hifadhidata kwa mkono zilikuwa zimenitoka kabisa, mimi niliyekuwa nikiziandika huku nasinzia! Nikakumbuka Three Mile Island.

Kwa wasiokijua kisa hiki, huo ulikuwa mtambo wa umeme wa nyuklia kule Pennsylvania, Marekani. Tarehe 28 Machi 1979, saa kumi alfajiri, pampu za maji zilisimama. Kinu kikajizima chenyewe kwa sekunde chache. Vali ya kupunguza shinikizo ikafunguka ilivyopaswa, kisha ikakwama wazi. Taa iliyokuwa mbele ya wafanyakazi ilionyesha tu kwamba vali imeamriwa kujifunga, si kwamba imejifunga. (Waandishi wa programu wenzangu, taa ya aina hiyo mnaijua.) Ving'ora zaidi ya 100 vikalia. Kipimo kimoja kikaonyesha maji yamejaa, nao, kama walivyofundishwa, wakapunguza maji ya dharura. Maji yalivuja kwa zaidi ya saa mbili. Karibu nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka.

Msiwacheke. Tume ya Rais Carter, iliyoongozwa na John Kemeny (ndiye huyo huyo aliyebuni lugha ya BASIC pamoja na Thomas Kurtz), iligundua kwamba simuleta waliyofanyia mazoezi haikuwa imepangwa kuonyesha hali iliyowakuta. Leo mwendeshaji mwenye leseni huko Marekani hupimwa kwa vitendo kila mwaka, tena kwenye simuleta inayolingana na mtambo wake.

Mwaka 1983 mwanasaikolojia Mwingereza, Lisanne Bainbridge, aliieleza shida hii katika makala yake "Ironies of Automation". Mashine huchukua kazi rahisi ya kila siku, yaani mazoezi yenyewe, halafu humwachia binadamu ile ngumu ya dharura. Alipendekeza mfanyakazi aendeshe mtambo kwa mkono kwa muda mfupi kila zamu, na ikiwa wazo hilo ni la kuchekesha, basi apewe simuleta.

Jana nilizima programu yangu na kurejesha data ya majaribio kwa mkono. Dakika 40, na makosa mawili. Mwezi ujao tena.