Milimita 32: Historia ya Mzinga wa Kujitengenezea

Ukivuka kutoka Kigongo kwenda Busisi siku hizi, husubiri tena pantoni. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 19, 2025, na safari iliyokuwa ikila nusu saa majini, achilia mbali foleni, sasa ni ya dakika chache. Pembezoni mwa Ziwa Victoria, ufundi wa mitumbwi unaendelea kama zamani: mbao zinapasuliwa, zinapigwa randa, nyufa zinazibwa kwa pamba. Mikono inayoweza kazi hiyo inaweza pia kutengeneza mzinga wa nyuki, na mzinga wa namna hiyo una historia ndefu kuliko wengi tunavyodhani.

Mzinga wetu wa kale ni gogo. Mti hupasuliwa kwa urefu, ukachongwa ndani kwa tezo, kisha vipande viwili vikarudishwa pamoja, vikafungwa na kutundikwa juu ya mti. Huko Tabora, kwenye miombo, wenyeji wana mzinga wa gome pia. Gome huchunwa wakati wa mvua likiwa laini, likakunjwa mduara na kubanwa kwa vijiti vilivyochongoka, halafu ncha zake zikazibwa. Hauhitaji msumari wala senti. Ubaya ni kwamba mti uliochunwa gome kuuzunguka hufa. Tena mrina asali hana namna ya kulifikia sega lililoiva bila kubomoa lenye majana. Usiku, mwenge mkononi, kundi zima huweza kuteketea kwa ajili ya ndoo moja ya asali.

Usukumani shida ilizidi. Serikali ya kikoloni ilifyeka vichaka ili kupambana na mbung'o, pamba ikatwaa ardhi, mifugo ikaongezeka. Miti mikubwa ya kuchonga mzinga ikawa adimu.

Huko Marekani, mwaka 1851, mchungaji Lorenzo Langstroth wa Philadelphia aligundua kwamba ukiwaachia nyuki nafasi isiyofika sentimita moja kati ya sega na ukuta, hawaizibi kwa gundi wala hawajengi sega humo. Kwa siri hiyo akabuni sanduku lenye fremu zinazonyanyuliwa moja moja, na mwaka uliofuata akapata hataza. Ni mzinga mzuri, sibishi. Lakini unadai mbao zilizonyooka barabara, waya na karatasi za nta zilizochapwa. Ukikosea kipimo kidogo tu, nyuki wanagandisha kila kitu, na faida yote ya fremu inapotea.

Tanganyika ilipata kitengo cha nyuki serikalini mwaka 1949. Mtaalamu wake, F.G. Smith, alikaa nchini hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaandika kitabu kuhusu ufugaji nyuki wa nchi za joto, na mwaka 1961 akawaainisha nyuki wa milimani na wa pwani kama jamii ndogo zinazojitegemea.

Jibu lililowafaa mafundi wa kawaida lilikomaa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani: msafiri Mwingereza George Wheler alikwisha kueleza mwaka 1682 jinsi Wagiriki walivyofuga nyuki kwenye vikapu vilivyofunikwa kwa vibao juu. Kenya wakatengeneza sanduku lenye kuta zilizoinama, vibao vikapangwa juu bega kwa bega, na kila kibao kikabeba sega lake. Mafundi wa Tanzania wakazisimamisha kuta wima, kwa kuwa ni rahisi zaidi kukata. Sega likigusa ukuta, kisu kinamaliza.

Kipimo kisichochezewa ni upana wa kibao. Nyuki wa Ulaya hutaka milimita 35 hivi. Wetu ni wadogo na hujenga masega yaliyokaribiana zaidi, hivyo kibao chao ni milimita 32. Fundi hupima, hupiga randa kidogo, hupima tena. Kisha hupaka nta iliyoyeyushwa katikati, mstari mmoja mwembamba kutoka ncha hadi ncha, na nyuki huanza kujenga hapo hapo. Kwa maoni yangu, kibao hicho ni uvumbuzi mkubwa kuliko sanduku lenyewe: mtu anafunua, anachagua sega la asali, analiacha la majana.

Vifaa vingine viko nyumbani. Bomba la moshi lenye mifuo, alilobuni Mmarekani Moses Quinby miaka ya 1870, hapa huweza kuwa kopo la bati lililotobolewa kwa msumari na kujazwa kinyesi kikavu cha ng'ombe, ambacho Usukumani hakikosekani. Kipande cha chandarua juu ya kofia pana ya ukindu hulinda uso, mradi kisiguse ngozi. Waya za kutundikia hupakwa grisi kuzuia siafu, na mzinga huning'inizwa pale nyegere asipoweza kuufikia.

Hata hivyo nyuki wetu si wa kuwekwa dirishani. Mwaka 1956 mtafiti Warwick Kerr alipeleka malkia wa nyuki Brazili kutoka Afrika Kusini na Tabora. Mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka, na uzao wao ukaenea hadi Marekani kwenyewe, ukiogopwa kwa ukali.

Kwa hiyo, fundi wa Busisi, kata vibao vyako kwa milimita 32. Lakini kabla hujatundika mzinga, mwone afisa nyuki wa halmashauri akusaidie kuchagua mahali palipo mbali na nyumba, zizi, kisima na njia ya watoto wa shule.