Chuma cha Buhaya na Kazi Isiyo na Jina

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, na anataka kusomea uhandisi wa nyenzo. Nyumbani kwao ni kelele tupu. Baba yake, shemeji yangu, anauliza nyenzo gani hiyo, ya kubinulia mawe? Shangazi yake anasema bora asomee ujenzi, angalau watu wataelewa anafanya nini. Binti akanijia mimi, kwa kuwa ndiye mwenye makabati ya vitabu vya historia, akanionyesha ujumbe uliokuwa ukizunguka WhatsApp: Wahaya walitengeneza pua miaka 2,000 iliyopita, kabla ya taifa lolote duniani, Wazungu wakaja kuiba ujuzi huo. Chini yake: sambaza kwa Waafrika kumi.

"Mjomba, eti ni kweli?"

Nikamwambia akae. Ni kweli nusu. Na ukiijua vizuri hiyo nusu, utakuwa na la kumjibu baba yako pia.

Tuanze na kazi yenyewe. Mhandisi wa nyenzo haulizi jengo litakuwa na ghorofa ngapi. Anauliza kwa nini nondo inapinda na kigae kinapasuka. Kitu hiki kimeumbwa na nini, kwa ndani kimejipangaje, kimepitishwa kwenye moto gani, na kikibebeshwa mzigo kitafanya nini. Mwaka 1863, Henry Clifton Sorby wa Sheffield, Uingereza, alisugua kipande cha chuma mpaka kikang'aa, akakichoma kidogo kwa asidi, akakiweka chini ya hadubini. Akaona kuwa chuma kina maumbile ndani yake kama ubao ulivyo na nyuzi. Lakini idara za vyuo vikuu zenye jina la sayansi ya nyenzo zilianza miaka ya 1950 tu, Northwestern ya Marekani ikiwa miongoni mwa za mwanzo kabisa. Yaani jina hilo ni rika moja na TANU. Kazi yenyewe ni ya zamani mno.

Sasa twende Buhaya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, alikuwa magharibi mwa Ziwa Viktoria akiwasikiliza wazee. Wakamwelekeza Katuruka, mahali panapohusishwa na Omukama Rugomora Mahe, penye mti mkubwa wa matambiko ulioitwa Kaiija, jina linalohusu mahali pa kufulia chuma. Wazee walisimulia habari za wahunzi wa mfalme. Schmidt akachimba palepale walipomwonyesha, akakuta kweli mabaki ya uhunzi, tena ya kale kuliko enzi za Rugomora Mahe mwenyewe. Masimulizi yalikuwa yamehifadhi mahali kwa muda mrefu kuliko yalivyohifadhi majina ya watu.

Ila mabaki hayasemi yote. Mavi ya chuma na vipande vya mabomba ya udongo vinakuonyesha kuwa watu walifua chuma, havikuonyeshi walifuaje. Na kufikia wakati huo hakuna aliyekuwa akiyeyusha tena. Majembe ya kigeni yaliingia kwa bei ya chini wakati wa ukoloni, na matanuri yakazimika. Waliobaki ni wazee ambao walipokuwa vijana walivukuta mivukuto au walichoma makaa.

Mwaka 1976 Schmidt alifanya kazi na Donald Avery, profesa wa uhandisi kutoka Chuo Kikuu cha Brown, bingwa wa metali. Wakawaomba wazee wajenge tanuri tena. Hebu jiweke mahali pa mzee wa miaka sabini au themanini, unaombwa ufanye kitu ambacho hujakigusa tangu ujana wako, na mgeni amesimama pembeni na vipimo vyake. Kazi ilifanywa, ikarudiwa, ikasahihishwa. Huyu anakumbuka udongo, yule anakumbuka mkaa, mwingine anakumbuka miiko. Kilichokuwa kimetawanyika vichwani mwa watu kikakusanywa tena juu ya moto.

Tanuri lenyewe lilikuwa hivi. Chini kuna shimo lililokandikwa kwa udongo wa kichuguu, udongo unaostahimili joto kali. Shimo linajazwa matete ya bwawani yaliyochomwa yakawa meusi. Juu linajengwa umbo la koni, kisha ndani yake mkaa na mawe ya chuma. Mabomba ya udongo yanaingizwa mpaka ndani kabisa ya tanuri, na hewa ya mivukuto inapita humo.

Angalia chaguo mbili hapo. La kwanza ni udongo wa kichuguu: mtu alijaribu udongo mwingine, ukayeyuka au ukapasuka, akautafuta huu. La pili ni yale matete. Yakishaungua yanabaki kaboni yenye vitundu vingi, na chuma kinachotoka kwenye mawe kinakutana na kaboni hiyo. Chuma chenye kaboni kidogo sana ni laini. Ukizidisha mno kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama sahani. Katikati hapo, chini ya asilimia moja au karibu na hapo, ndipo ilipo pua, ambayo wazee wa pwani waliita feleji. Na katika madonge waliyoyapata, ilikuwamo.

Septemba 1978 Schmidt na Avery walichapisha matokeo katika jarida la Science. Waliandika kuwa watu wa magharibi mwa ziwa walitengeneza pua kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Wakaongeza hoja nzito zaidi: kwa kuwa mabomba yalikuwa ndani ya moto, hewa ilipata joto kabla haijaufikia mkaa, na joto la tanuri likapanda kupita digrii 1,800. Huko Ulaya, kupasha hewa moto kabla ya kuipuliza kulianza na James Beaumont Neilson wa Glasgow, aliyepata hataza mwaka 1828. Umeona ule ujumbe wa WhatsApp ulikozaliwa?

Basi wakaja wapinzani. Mwaka 1986 J. E. Rehder alipiga hesabu za joto akasema hewa inayopita kwenye bomba nene la udongo haiwezi kupashwa kiasi hicho. Mwaka 1996 David Killick naye alipinga madai hayo ya teknolojia ya juu kupita kiasi. Na kitabu kilichochapisha makala ya Killick kilihaririwa na Schmidt mwenyewe. Mtu anampa mpinzani wake ukumbi. Hapo nilimwona mpwa wangu anatabasamu.

Kwa hiyo nini kimesimama na nini kimetikisika? Pua kutoka tanurini, ndiyo, imesimama. Ukale wa uhunzi wa Buhaya, umesimama. Suala la hewa ya moto bado lina mabishano. "Kabla ya taifa lolote" si kweli, maana India nayo ilikuwa na pua mashuhuri tangu kale. Na ujuzi kuibwa? Ujuzi haukuibwa, uliachwa ufe kwa sababu jembe la dukani lilikuwa rahisi kuliko jembe la mhunzi. Kwangu mimi hilo linauma zaidi ya wizi.

Nikamwambia: wale wazee hawahitaji tuwaongezee chumvi. Mhunzi aliyejua kichuguu kipi kinafaa hakufika hapo kwa kujisifu, alifika kwa kuliangalia tanuri lililoharibika na kujiuliza limeharibika kwa nini. Mhandisi wa nyenzo anaanzia hapohapo, kwa kipande kilichovunjika mkononi. Ukisambaza uongo mtamu juu yao unawavua kile walichokuwa nacho hasa.

"Sawa mjomba, lakini ajira?"

Swali la haki. Sikumdanganya kuwa zimejaa. Nilimwambia habari za Liganga, kule Ludewa. Mlima ule una chuma, kila serikali imeutaja. Ila mawe yake yamechanganyika na titani na vanadi, na titani ikizidi tanurini mavi ya chuma yanakuwa mazito kama uji uliopoa, hayataki kutoka. Si fedha na barabara peke yake zinazohitajika pale. Anahitajika mtu wa kuuliza jiwe hili linataka moto gani, swali lilelile la Katuruka.

Jioni shemeji alipiga simu. Akauliza nimemwambia nini binti yake, maana amerudi nyumbani anachimbua kichuguu cha nyuma ya banda la kuku, anataka kujua udongo wake utapasuka kwenye jiko la mkaa au hautapasuka.

Nikamwuliza shemeji, umepasuka?

Akasema bado.