Mungu wa Kike wa Kutch na Msimu wa Karafuu Pemba

Katika makala hii tunakusudia kutazama jinsi ibada iliyofungamana na mahali pamoja inavyoweza kuvuka bahari. Mfano wetu ni Ashapura, mungu wa kike wa nchi ya Kutch, magharibi ya India, ambaye jina lake lina maana ya mwenye kutimiza tumaini. Hekalu lake kuu lipo Mata no Madh, nao watawala wa zamani wa Kutch, wa ukoo wa Jadeja, walimheshimu kuwa mlinzi wa nyumba yao. Kila mwaka, katika siku tisa za Navaratri, mnamo Septemba au Oktoba, mahujaji wengi huliendea kwa miguu.

Wafanyabiashara wa Kutch walifika visiwani mwetu kwa upepo wa kaskazi. Tusichanganye mambo: si kila Mhindi alikuwa Mhindu. Wengi walikuwa Waislamu, Makhoja na Mabohora. Wale Wahindu waliitwa Mabanyani. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, bali ile ya Pemba ilisalimika kwa wingi. Biashara ikaelekea Pemba, na maduka ya Wahindi yakashamiri Chake Chake, Wete na Mkoani.

Hapo ndipo ugumu ulipotokea. Navaratri huangukia ndani ya msimu wa karafuu. Aliyetaka kuwa Kutch siku hizo ilimpasa kuondoka mapema na kusi, akiyaacha mavuno aliyoyakopeshea fedha. Basi ilikuwa lazima sikukuu imfuate mtu. Hilo liliwezekana, kwa kuwa Navaratri yaweza kuadhimishwa nyumbani: chungu chenye matundu, taa ndani yake, na wanawake wakikizunguka kwa makofi katika ngoma iitwayo garba. Lakini Mabanyani wa mwanzo walikuja bila wake zao. Ngoma hiyo ilisubiri wanawake, ambao walianza kuja katika nusu ya pili ya karne ya 19.

Siku ishirini hivi baada ya Navaratri huja Diwali, ambapo wafanyabiashara wengi wa Gujarati huvibariki vitabu vipya vya hesabu mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali. Wenye mashamba wengi wa Pemba, Waarabu na Waswahili, walikuwa wadeni wa wafanyabiashara wa Kihindi. Mvutano juu ya madeni na biashara ya karafuu ulifikia kilele katika mgomo wa wafanyabiashara hao wa miaka 1937 na 1938. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 familia nyingi za Kihindi zilihama.

Historia hii yatufundisha mambo mawili. Kwanza, ibada hudumu ugenini pale nyumba inapoibeba. Pili, mavuno yaleyale yaliyomtimizia mmoja tumaini yaliweza kumwachia mwingine deni. Nasi tunaoadhimisha Sikukuu ya Mavuno kila mwaka, inatupasa kuuliza ni nani aliyelima, na amebakiwa na nini.