Tarehe ya Mafundi wa Kyoto na Michezo Iitikiayo Mkono

Mji wa Kyoto, uliokuwa makao ya wafalme wa Japani kwa zaidi ya miaka elfu moja, umejulikana tangu kale kwa mafundi wa hariri, wa vyombo vya udongo na wa karatasi. Na katika mji huo ndimo Fusajiro Yamauchi alimofungua duka lake mwaka 1889, akawa akitengeneza karata za maua ziitwazo hanafuda, ambazo karatasi yake ilitokana na gamba la mforsadi. Duka hilo ndilo asili ya nyumba ya biashara iitwayo Nintendo. Mintarafu ya michezo ya video yameandikwa mengi juu ya picha na sauti zake, lakini makusudio yetu hapa ni kueleza nasaba ya mafundi walioshughulika na jambo moja, nalo ni kuifanya mashine imwelewe mchezaji kwa mwendo wa mwili wake na kwa mguso wa kidole chake, pasina kumlazimisha kwanza ajifunze kazi ya vifungo vingi. Na nasaba hiyo, ijapokuwa ina matawi Marekani, Uingereza na Israeli, shina lake kuu liko Kyoto.

Mwaka 1949 uongozi wa nyumba hiyo ulimfikia Hiroshi Yamauchi, kitukuu wa mwasisi, aliyeacha masomo ya chuo kikuu ili ashike biashara ya wazee wake. Huyo ndiye aliyemwajiri, mwaka 1965, kijana mmoja mhitimu wa elimu ya umeme, Gunpei Yokoi, ili azitunze mashine za kutengenezea karata. Kazi ile ilimwachia Yokoi wasaa, naye kwa kujifurahisha akaunda mkono wa bandia wenye vipande vilivyopishana, ambao ukibanwa huku hurefuka kule na kukamata kitu kilicho mbali. Yamauchi alipokiona kichezeo hicho hakumkaripia, bali alimwamuru akifanye bidhaa. Kikatoka mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand, kikauzwa zaidi ya milioni moja. Mwaka 1969 Yokoi akaongeza chombo cha kupimia mahaba, Love Tester, ambacho watu wawili hushikana mikono huku kila mmoja akishika tufe la chuma kwa mkono wa pili, na umeme hafifu upitao katika miili yao husukuma mshale. Hukumu ya mshale ule haikuwa na thamani yoyote ya elimu, walakini ndani yake mlikuwa na maarifa makubwa, kwamba ngozi ya mwanadamu yaweza kuwa sehemu ya mchezo.

Baada ya mguso likafuata somo la nuru. Masayuki Uemura, aliyekuwa mtu wa kampuni ya Sharp, alifika Nintendo kuuza vipande vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, na katika mazungumzo yake na Yokoi ikadhihirika kwamba kipande kama hicho chaweza kuwa jicho: bunduki ya kuchezea ikitoa nuru, na shabaha ikawa na jicho la kuipokea, basi mlengaji atajua papo hapo kama amepata au amekosa. Bunduki hizo ziliingia sokoni mwaka 1970, na mwaka 1973 Yamauchi akafungua viwanja vya kulengea shabaha kwa nuru katika kumbi za bolingi zilizokwisha kukimbiwa na wateja wake. Mwaka huo huo bei ya mafuta ikapanda duniani kote, wenye kumbi wakafuta maagizo yao, na nyumba ya Kyoto ikabaki na deni zito ililolipa kwa miaka mingi.

Katika dhiki hiyo ndipo ilipokomaa kanuni ambayo Yokoi aliwaachia wanafunzi wake, aliyoiita fikra ya ubavuni kwa ufundi ulionyauka. Maana yake ni kwamba fundi asikimbilie maarifa mapya yaliyo ghali na yasiyojulikana tabia zake, bali achukue maarifa yaliyokwisha kuzoeleka hata yakawa rahisi, ayatazame kwa upande ambao wengine hawajautazama, ayapeleke yasikokuwa yakitumika. Wahenga wetu walisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, na kwa kanuni hiyo Yokoi alichukua vipande vya kikokotoo, ambavyo vilikuwa vimeshuka bei mno, akaunda mwaka 1980 mchezo wa kutia mfukoni, Game & Watch; na mwaka 1982 akabuni kifungo cha umbo la msalaba kiongozwacho kwa kidole gumba, ambacho kiliigwa na takriban kila mtengenezaji aliyefuata. Uemura naye, aliyekuwa amekwisha kuhamia Nintendo, aliunda mashine ya nyumbani ya Famicom iliyotoka mwaka 1983, ikafuatwa na bunduki ya nuru na mchezo wa kuwinda bata, Duck Hunt. Hapo mpango wa kale uligeuzwa: bunduki haikutoa nuru tena, bali iliipokea. Mlengaji akivuta kilimi, televisheni hufanyika nyeusi kwa muda usiotambulika kwa macho, kisha mraba mweupe hutokea mahali alipo bata, na jicho la bunduki likiuona weupe huo, bata huanguka.

Illa kifungo cha msalaba kilifaulu mno hata kikawa ukuta. Kizazi kizima kilijifunza mchezo kwa vidole gumba, na wasiojifunza utotoni walibaki nje. Wengi walijaribu kuuvunja ukuta huo kabla ya wakati wake. Kampuni ya Bandai ilitoa mwaka 1986 mkeka wa kukanyagia kwa miguu. Na mwaka 1989 Mattel ikauza Marekani glavu ya Power Glove, iliyozaliwa na glavu ya maabara ya kampuni ya VPL ambayo bei yake ilikuwa maelfu ya dola. Ili bei ishuke, kila kitu kilipunguzwa: vidole vinne tu ndivyo vilivyopimwa, kila kimoja kwa hatua nne za kukunjika, na mahali pa mkono palitafutwa kwa sauti zisizosikika, zilizotoka katika glavu na kupokewa na vipaza sauti vilivyozunguka televisheni. Umbo lake lilikuwa la kustaajabisha na ahadi yake kubwa, lakini mkono ulipokwenda kulia mchezo ulisitasita, na michezo iliyotungwa kwa ajili yake ikawa ya kuhesabika. Sega nayo ilileta mwaka 1993 pete ya pembe nane ya kutandikwa sakafuni, ambamo mchezaji husimama na kukata miale kwa mikono na miguu, nayo haikudumu. Kosa la glavu na la pete hiyo lilikuwa moja: michezo mingi ilitungwa kwanza kwa ajili ya vifungo, kisha mwili ukalazimishwa kuigiza vifungo hivyo. Yokoi mwenyewe, alipotoa mashine ya Virtual Boy mwaka 1995, alionja taksiri; akaondoka Nintendo mwaka 1996, na mwaka 1997 akafariki katika ajali ya barabarani.

Wakati huo maarifa yaliyohitajika yalikuwa yakinyauka mahali pengine kabisa, ndani ya motokaa. Ili mfuko wa hewa ufumuke mara gari ligongapo, palihitajika chombo kidogo cha kupima mchapuko, na mafundi walikitengeneza kwa silikoni: kipande kidogo mno kilichoning'inizwa juu ya springi za silikoni, ambacho kikisukwasukwa husogea, na msogeo huo hubadili kiasi cha umeme. Kampuni ya Analog Devices ya Marekani ilivitengeneza kwa wingi tangu miaka ya 1990, na kadiri magari yalivyoongezeka ndivyo bei ilivyoshuka. Nintendo ilitia kipimo cha namna hiyo ndani ya kaseti ya mchezo wa Kirby mwaka 2000, mchezaji akainamisha mashine nzima ili mpira uviringike, na mwaka 2004 ikatia jairoskopu katika mchezo wa Wario. Uingereza, kitengo cha Sony cha London kilitoa mwaka 2003 kamera ya EyeToy, iliyotokana na utafiti wa Richard Marks, ambayo ilimwonyesha mchezaji ndani ya televisheni akifuta vioo na kupiga ngumi kwa mikono mitupu.

Mwaka 2002 Hiroshi Yamauchi alistaafu, akamkabidhi uongozi Satoru Iwata, mtunzi wa programu mzaliwa wa Sapporo, naye akawa wa kwanza kuiongoza nyumba hiyo pasina kuwa wa ukoo wake. Urithi wake ulikuwa mgumu: mashine ya GameCube iliuzwa kiasi cha milioni 21 tu, ilhali PlayStation 2 ya Sony ilivuka milioni 150. Iwata aliona kwamba kushindana kwa nguvu ya picha ni kuwagombania wachezaji wale wale, na kwamba walioachwa nje, akina mama, wazee na watu wa kazi, ndio wengi zaidi. Jibu lake la kwanza lilikuwa mguso. Kioo cha kugusa hakikuwa kigeni, kwani E. A. Johnson alikwisha kukieleza mwaka 1965 katika kituo cha rada cha Malvern, Uingereza, kwa manufaa ya waongozao ndege. Lakini mashine ya mkononi ya Nintendo DS, iliyotoka mwisho wa mwaka 2004, ilikifanya kuwa kalamu ya mchezo. Kilikuwa kioo cha tabaka mbili zilizotenganishwa kidogo, ambazo zikibonyezwa hukutana na kupitisha umeme. Mtu alimpapasa mbwa wake wa Nintendogs, au aliandika kwa kalamu majibu ya hesabu katika mchezo wa kuzoeza ubongo uliobeba jina la Profesa Ryuta Kawashima, na mashine hizo zikauzwa zaidi ya milioni 154.

Jibu la pili lilikuwa mwendo, nalo ndilo kilele cha tarehe hii. Mafundi wa Nintendo, Shigeru Miyamoto, Genyo Takeda na wenzao, waliazimia kutozifuata mbio za nguvu, wakaunda mashine ndogo yenye kiongozi cha umbo la rimoti ya televisheni, kitu ambacho kila mtu nyumbani alikwisha kukishika bila hofu. Mashine hiyo, Wii, ilitoka Novemba 2006, kwa bei ya dola 250. Ndani ya rimoti yake mlikuwa na kipima mchapuko cha Analog Devices, cha ukoo ule ule wa vile vya motokaa, na katika ncha yake kamera ndogo ya kuona miale ya infraredi. Utepe uwekwao juu ya televisheni, ambao watu wengi hudhani ndio unaohisi, hauhisi lolote: kazi yake ni kutoa miale katika ncha zake mbili ili kamera ya rimoti ijue imeelekea wapi, na hata mishumaa miwili iliyowashwa huweza kushika nafasi yake. Mchezo wa Wii Sports, uliotolewa pamoja na mashine katika nchi nyingi, ulimtaka mtu afanye ambalo mkono wake tayari unalijua, yaani kupiga tenisi au kutupa tufe la bolingi. Na shani ikawa kwamba ajuza asiyewahi kugusa mchezo wa video alishindana na mjukuu wake, na nyumba za wazee za Marekani na Uingereza zikaandaa mashindano ya bolingi sebuleni. Wengine walirusha mkono kwa hamasa hata kamba ya rimoti ikakatika, na Desemba 2006 Nintendo ikajitolea kubadilisha kamba zipatazo milioni 3.2. Mwaka 2007 ukafuata ubao wa kusimamia wenye vihisi vinne vya uzani, ambao watafiti wa Melbourne walithibitisha mwaka 2010 kwamba wafaa kupimia usawa wa mwili. Wii zilizouzwa zilifika milioni 101.

Ufanisi huo uliwashtua wapinzani. Microsoft ilitoa Novemba 2010 chombo cha Kinect, kilichoongozwa na Alex Kipman, Mbrazili, na kujengwa juu ya ufundi wa kampuni ya PrimeSense ya Israeli: maelfu ya nukta za nuru isiyoonekana hutapakazwa chumbani, kamera husoma jinsi zilivyopotoka, na kutokana na upotofu huo huhesabiwa umbali wa kila kiungo cha mwili. Katika siku 60 za kwanza vyombo milioni 8 viliuzwa, ikawa rekodi ya Guinness. Lakini kuondoa kila kitu mkononi kuliondoa pia kitu cha kushika, na michezo iliyostahili ufundi huo ikawa haba. Utengenezaji wake ukakomeshwa mwaka 2017. Ustadi wa PrimeSense haukupotea, kwani Apple ilikuwa imeinunua kampuni hiyo mwaka 2013, na asili hiyo ndiyo iliyozaa kamera ya iPhone itambuayo uso wa mwenyewe.

Na Apple ndiyo iliyoueneza mguso kupita wote. iPhone ya mwaka 2007 ilikuwa na kioo kinachoitikia umeme wa kidole chenyewe, na vidole kadhaa kwa pamoja, pamoja na kipima mchapuko. Na duka lake la programu lilipofunguliwa mwaka 2008, mchezo ukawa wa kila mwenye simu. Watu wa Afrika Mashariki, ambao wengi wao hawakupata kuiona Wii wala Kinect, waliingia katika tarehe hii kwa mlango huo, watoto wa Dar es Salaam na Mombasa wakipangusa kioo ili mkimbiaji wa Temple Run aruke na kuinamisha simu ili akwepe. Kyoto nayo, baada ya Wii U ya mwaka 2012 kukataliwa na soko na Iwata kufariki Julai 2015, ilijikusanya upya kwa Switch ya mwaka 2017, ambayo kioo chake huguswa na viongozi vyake viwili huhisi mwendo, pamoja na kutetemesha kiganja kwa namna mbalimbali.

Alhasili, kila jambo lilipofaulu katika nasaba hii, kuanzia mkono wa bandia wa mwaka 1966, fundi alichukua kitu rahisi akakikutanisha na tendo ambalo mwili ulikwisha kulijua. Na kila lilipoanguka, ahadi ilikitangulia chombo. Jambo hilo lapasa kuzingatiwa na vijana wetu watungao programu, kwa kuwa kioo cha mguso na kipima mchapuko, vilivyokuwa hazina ya matajiri, leo vimekwisha kunyauka kwa maana ile ya Yokoi, na vimo katika simu za bei ndogo ziuzwazo Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi. Tunayo michezo ya mdako, ya nage, ya rede na ya bao, ambayo mikono ya watu wetu inaijua tangu utotoni, na haijapewa bado haki yake katika vyombo hivi. Mwenye kutaka kuitumikia na aanze uwanjani, atazame kwa makini mkono unavyorusha kete na mguu unavyokwepa mpira, na ayaelewe hayo barabara kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu yake.