Gishe la Akiba Lisihame Kimyakimya

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliunda Kese ya Akiba ya Kongo na Ruanda-Urundi. Wenye akiba waliweka falanga zao, lakini si wao walioamua mahali pa gishe. Kese hiyo baadaye ikaitwa CADEZA, na tangu 1997 CADECO.

Lubumbashi ina sababu nzito za kutolitegemea gishe. Desemba 1979 Rais Mobutu alifuta noti za zaire 5 na 10, akawapa watu siku chache tu za kuzibadilisha. Oktoba 1991 askari walipora mji. Mwaka 1993 zaire milioni 3 za zamani zikageuka zaire mpya moja. Mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi, aliyeweka akiba miaka kumi alibaki na kitabu chenye tarakimu zisizonunua hata unga wa wiki.

Ndipo likilimba iliposhika nguvu katika komuni za Katuba, Kamalondo na Kenya, hapahapa Lubumbashi. Kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na kwa zamu mmoja anabeba chungu chote. Haina leseni, na anwani yake ni wanachama wenyewe. Naiheshimu sana, lakini haiwezi kumkopesha mama anayetaka kupakia lori zima la mahindi kutoka Kasumbalesa.

Vita vya Kongo vikiwa bado havijaisha, tarehe 2 Februari 2002 zilitiwa saini sheria mbili. Ya 002/2002 ilihusu koperative za akiba na mikopo, zile tunazoziita COOPEC. Ya 003/2002 ilihusu taasisi zote za mikopo. Kuanzia hapo COOPEC haifungui mlango bila kibali cha Benki Kuu ya Kongo, na Benki Kuu ina haki ya kukagua vitabu vyake. Mwaka uliofuata maelfu ya wafanyakazi wa Gécamines walianza kuondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari, kila mmoja na malipo yake ya mwisho mkononi. Mwaka 2004 benki ya TMB ikazaliwa hapahapa Lubumbashi. Fedha zilikuwa zinatafuta mahali pa kukaa.

Septemba 2012 Kongo ikaingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, na pamoja nayo ikapokea sheria ya koperative iliyopitishwa Lomé mwaka 2010. Koperative za fedha zilibaki pia chini ya Benki Kuu. Sheria hiyo ina kifungu ninachokipenda: makao ya koperative hayawezi kuwa sanduku la posta tu, lazima yaonyeshwe kwa anwani au kwa maelezo ya mahali yanayoeleweka. Anayetafuta pesa zake ajue mlango wa kubisha. Kuhamia mji mwingine ni kubadili katiba ya koperative, na hilo ni kazi ya mkutano mkuu wa wanachama.

Ugumu uko ndani ya mji. Kuhamisha makao kutoka mtaa mmoja hadi mwingine wa mji uleule kunaweza kuamuliwa na viongozi bila kuwaita wanachama. Kwenye karatasi, komuni ya Kenya na Ruashi ni Lubumbashi ileile. Kwa muuza mboga anayefunga meza jioni, ni nauli ya taksi kwenda na kurudi, na pengine siku ya biashara iliyopotea. Kwa kulinganisha, katika nchi ya Kenya kifungu cha 8 cha sheria ya mabenki hakiruhusu benki kufungua tawi wala kulihamisha bila idhini ya Benki Kuu, hata likihama ndani ya mji mmoja.

Sheria ya 003/2002 imeshafutwa na nafasi yake kuchukuliwa na ile ya 22/069 ya Desemba 2022. Sheria hizi za Kongo zimeandikwa kwa Kifaransa. COOPEC inayotaka kuhama ibandike tangazo mlangoni kwa Kiswahili wiki kadhaa kabla, na iwaite wanachama wapige kura, hata kama sheria haiilazimishi. Pesa zilizomo ndani ni zao.