Neno la Wiki: Kumetameta

Nyota humetameta kwa sababu ya hewa. Hewa ya joto na ya baridi zikichanganyika, huupindapinda mwanga wa nyota kabla haujafika machoni. Wahandisi wa mawasiliano nao wanalihitaji neno hili. Mwaka 2021 mradi wa Taara ulirusha intaneti kwa mwali wa leza usioonekana, juu ya Mto Kongo, kutoka Brazzaville hadi Kinshasa, karibu kilomita 5. Hewa ya mtoni huutikisa mwali huo vilevile: mara unafika mkali, mara hafifu, na vioo vya mtambo huurekebisha bila kukoma usikose shabaha. Huko ndiko kumetameta hasa. Wahariri, tulitumie kabla hatujakimbilia kuazima “sintilesheni”.